Ibada Bila Kiti cha Enzi: Historia ya Wakristo wa Ugweno

Katika vijiji vya Ugweno, na Msangeni ni mojawapo, historia inayosimuliwa kwanza ni ya utawala. Nchi hii ya milima ya Upare ya Kaskazini, yenye Ziwa Jipe upande wa mashariki na bonde la mto Pangani upande wa magharibi, leo ni sehemu ya Wilaya ya Mwanga. Kabla ya wilaya, mkoa au koloni, ilikuwa na dola yake. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa Upare, aliyakusanya masimulizi ya wazee na kuyatumia katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Kwa masimulizi hayo, watawala wa mwanzo walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi, katika nchi ambayo chuma chake kilitafutwa hadi Uchagani. Wasuya, waliokuwa chini yao, waliongozwa na Angovi wakawapindua. Kisha mwanawe, Mranga, akaipanga nchi upya, akaweka mabaraza na mawaziri walioitwa wanjama, na juu ya wote akakaa mangi mrwe, yaani mtawala mkuu. Washana waliendelea kufua chuma, lakini kiti hawakukipata tena.

Mapinduzi yenyewe yanavutia, na ndiyo maana wasimulizi huyarudia. Lakini kazi kubwa ya Mranga ilikuwa baada ya mapinduzi, na ndani yake kuna jambo linalofaa tulikalie kidogo: namna alivyoishika ibada. Jando, lililofanyika katika msitu mtakatifu unaoitwa mshitu, liliwekwa chini ya uangalizi wa dola. Kila kijana wa Ugweno aliyetaka kuhesabiwa mtu mzima alipitia mahali ambapo mkono wa mtawala ulikuwepo. Mafunzo aliyoyapata humo, viapo alivyokula, hofu na heshima aliyotoka nayo, vyote vilimfunga kwa nchi na kwa kiti kilichoiongoza. Ulikuwa ujenzi wa akili nyingi. Uliziunganisha koo zilizokuwa zikitazamana kwa mashaka, na kwa vizazi kadhaa ukaipa Ugweno utulivu ambao majirani waliuonea wivu. Siandiki kuubeza, wala sidhani wazee walioingia mshituni walikosa uchaji wa kweli. Ninachosema ni kwamba katika mpango ule ibada na mamlaka vilikuwa mlango mmoja. Mtu hakuweza kuuchagua upande mmoja na kuuacha wa pili, kwa kuwa hapakuwa na pande mbili.

Mlango huo ulipasuka katika karne ya 19. Misafara ya pembe na watumwa ilipita bonde la Pangani, bunduki zikaingia, na machifu wadogo wakaona wanaweza kujitajirisha bila kumtegemea mangi mrwe. Wajerumani walipoishika Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliikuta dola ya Ugweno imekwisha kuwa dhaifu. Nyuma yao wakaja wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, walioanza kazi Machame mwaka 1893, na mwaka 1900 wakafungua kituo Shigatini, ndani ya Ugweno yenyewe. Miaka mitatu baadaye Wasabato wakaanza Giti, katika Upare ya Kusini. Basi watu wa milima hii wakaletewa habari ambayo mpango wa Mranga haukuwa na nafasi yake: habari ya mtu aliyepandishwa mlimani, akaonyeshwa milki zote za dunia na fahari yake, akaambiwa zote ni zake iwapo atamsujudia aliyemwonyesha, naye akakataa kwa sababu moja tu, kwamba wa kuabudiwa ni Mungu peke yake. Katika Injili ya Mathayo kisa hicho kiko sura ya nne, kabla Yesu hajaanza kufundisha. Ni kisa cha ibada na mamlaka kuwekwa kwenye mizani, na ibada kupewa uzito wote.

Ninachokitetea hapa ni kwamba Wakristo wa Ugweno, na wa Upare kwa jumla, walilichukua jambo hilo kwa moyo kuliko tunavyokubali kuwapa sifa. Ushahidi wake haupatikani katika miaka ambayo kanisa lilikuwa na nguvu. Unapatikana katika miaka ambayo nguvu hiyo iliondolewa.

Nianze na pingamizi lililo zito kuliko yote, nalo lina ukweli ndani yake. Yupo atakayesema kwamba Mpare hakuchagua ibada kamwe, alichagua ngazi. Misheni ilikuwa na shule, na shule ilitoa karani, mwalimu, mkalimani, mtu wa kusimama mbele ya ofisi ya Mzungu asitetemeke. Reli ya Usambara ilipofika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yote ya Upare, kijana aliyejua kusoma na kuhesabu alikuwa na pa kwenda. Machifu nao walikuwa na hesabu zao. Rindi wa Moshi, ambaye nguvu zake zilitajwa hadi Upare, aliwapokea wamisionari Waingereza mwaka 1885 akiwa na haja kubwa zaidi ya silaha na washirika kuliko ya Biblia, na wapo wamangi wengine waliomtazama mmisionari kama rafiki wa kuwazuia maadui. Ubatizo katika hali hiyo unaweza kuonekana ni mshitu mpya: mtu anaingia humo ili atoke akiwa na haki za watu wakubwa. Kuukana ukweli huu ni kuwadanganya wasomaji. Wengi waliingia kanisani wakiwa na jicho moja kwenye daftari la mshahara.

Lakini sababu iliyomwingiza mtu mlangoni si lazima iwe ndiyo iliyomfanya abaki ndani. Ili kujua kilichomweka, tuangalie alifanya nini siku ngazi ilipoondolewa. Ugweno na Upare zimepitia siku hizo zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na katikati ya mwaka huo yakawasukuma Wajerumani kuteremka kandokando ya reli, kupita Same na Buiko. Mamlaka iliyokuwa nyuma ya misheni ilitoweka milimani katika majuma machache. Wamisionari wenyewe waliendelea kwa muda chini ya macho ya Waingereza, kisha mwaka 1920 wakafukuzwa. Fikiri hali ya Mkristo wa Shigatini au wa Msangeni mwaka huo. Dini aliyoishika ilikuwa ya taifa lililoshindwa. Mwalimu wa kanisa hakuwa na mtu wa Ulaya wa kumtetea, wala hapakuwa na hazina ya kumlipa kama zamani. Serikali mpya ilikuwa ya watu ambao Kanisa lao lilikuwa lingine na lugha yao nyingine. Mwenye kutafuta ngazi angeihama ile iliyovunjika. Kilichotokea ni kwamba walimu Waafrika waliendelea kukusanya watu, kufundisha wanafunzi wa ubatizo, kuzika wafu na kuongoza sala za Jumapili. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walipokuja kusaidia katika miaka ya 1920, na Leipzig yenyewe iliporudi katikati ya muongo huo, walikuta sharika zipo. Hawakuanza upya, kwa kuwa kulikuwa na cha kuendeleza.

Miaka ile ndiyo iliyozaa kanisa la wenyeji. Mwaka 1934 Misheni ya Leipzig iliwawekea mikono wachungaji wake wa kwanza Waafrika katika eneo la kaskazini, miongoni mwao Lazaros Laiser wa Arusha. Waliopewa daraja hilo walikuwa watu ambao utumishi wao ulikuwa umepimwa bila msimamizi. Mwaka 1940 jambo lilijirudia: vita vingine, Wajerumani wakawekwa kizuizini, na mzigo ukarudi kwa wachungaji na wainjilisti wa nyumbani. Safari hii hapakuwa na mshtuko mkubwa. Watu walishajua kwamba kengele inaweza kupigwa bila Mzungu.

Ili kuona thamani ya jambo hili, inafaa tutazame upande wa pili wa Ziwa Viktoria, ambako hali ilikuwa kinyume: waabudu walikipata kiti. Katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana wa Kikristo walikuwa karibu na mamlaka kuliko Mkristo yeyote wa Upare alivyopata kuwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa watumishi wa mfalme. Aliuawa Novemba 15, 1885, baada ya kumkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana. Karoli Lwanga aliyemfuata alichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, pamoja na wenzake, Wakatoliki kwa Waanglikana. Vijana hao walikuwa na kila kitu ambacho Buganda ingeweza kumpa kijana: ukaribu na mfalme, matumaini ya kupewa uchifu, mashamba. Wakaviacha vyote kwa ajili ya sala. Hakuna mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki nzima.

Lakini miaka sita haikupita kabla Wakristo wale wale, waliosalia, hawajapigana wao kwa wao. Januari 24, 1892, huko Mengo, chama cha Wafaransa, yaani Wakatoliki, na chama cha Waingereza, yaani Waprotestanti, vilikabiliana kwa bunduki, na Kapteni Lugard, Mwingereza, akiwa upande wa Waprotestanti. Walichokigombania kilikuwa uchifu na majimbo. Damu ya Namugongo ilikuwa haijasahauliwa, na tayari jina la shahidi lilikuwa limekuwa bendera ya chama. Apolo Kagwa, aliyenusurika ghadhabu ya Mwanga, alikuja kuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mtawala hodari na mwandishi wa historia wa kuheshimiwa, na sitaki kumhukumu. Lakini nikitafuta urithi wa mashahidi, nauona zaidi kwa wengine wawili. Mmoja ni Yohana Kitagana, aliyekuwa chifu, akaacha uchifu na mali, akaenda kwa miguu kuwa katekista Bunyaruguru na baadaye Kigezi. Wa pili ni Apolo Kivebulaya, askari wa zamani wa vita vile vya dini, aliyebatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka kwenda Mboga, pembezoni mwa msitu wa Kongo. Huko chifu Tabaro alimpiga na kumfunga, kisha mwishowe akaamini. Kivebulaya alifariki huko huko mwaka 1933. Buganda inatufundisha kwamba kufa kwa ajili ya ibada, pamoja na ukuu wake wote, hakuwalindi warithi wa shahidi dhidi ya tamaa ya kiti. Kila kizazi huwekwa tena juu ya mlima ule na kuonyeshwa milki zile.

Hapa linakuja pingamizi la pili, na linatoka kwa watu wema. Wanauliza: kuchagua ibada kuliko mamlaka si njia ya heshima ya kukimbia wajibu? Wacha Mungu wakijifungia kanisani, nani atabaki ofisini ila wasiomcha? Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa kila alipoweza, aliliuliza jambo hili kwa ukali mwaka 1970 mbele ya masista wa Maryknoll huko New York. Alisema kwa maneno mazito kwamba Kanisa lisilosimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza litapoteza haki ya kusikilizwa nao. Na Upare imetoa watu wa serikali ambao hatuwezi kuwapuuza. Cleopa David Msuya, mzaliwa wa Chomvu, Usangi, aliyefariki Mei 2025, alikuwa waziri mkuu mara mbili, na jina lake ni lile lile la ukoo uliowapindua Washana.

Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, lakini nadhani linachanganya mambo mawili: kushika kazi ya umma na kuiabudu. Ushahidi ulio karibu zaidi ni Mbiru, mgogoro wa kodi wa Upare. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya kukadiriwa kwa mali ya kila mtu wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa milima walikataa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kodi ifutwe. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi wakajitokeza wenyewe kuwakabili wakubwa wa serikali. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo Wakristo na Waislamu, kwa kuwa Upare ya Kaskazini ni nyumba ya wote. Kodi ilifutwa. Tazama sura ya mgogoro huo: umati ule haukudai kumweka mangi wake, wala haukugawana vyeo baada ya ushindi. Watu walikwenda, wakasimama, wakasema hapana, wakarudi mashambani na katika nyumba zao za ibada. Mtu mwenye mahali pengine pa kupigia magoti hamwogopi mkuu wa wilaya kupita kiasi. Kwa hiyo ibada ya kweli haikuwafanya Wapare kuwa wanyonge mbele ya dola. Iliwaondolea kile ambacho dola hutumia kuwashika watu, yaani hamu ya kupewa nafasi. Nyerere mwenyewe anathibitisha jambo hilo: alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, na akang'atuka urais mwaka 1985. Mtu aliyeweza kukiacha kiti mara mbili hakuwa amekipigia magoti.

Mwaka 1963 una maana ya pekee katika historia hii. Ndio mwaka ambao sheria ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na kazi ambayo Mranga aliianza ikafikia kikomo chake cha kisheria. Juni 19 mwaka huo huo makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, likiwa chini ya Askofu Stefano Moshi. Mangi alitoka na kanisa likaingia, angesema mwenye haraka. Lakini kanisa lenyewe lilikuwa karibu kupoteza ngazi yake iliyobaki. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za misheni na kuziweka mikononi mwa serikali. Tangu hapo mtoto wa Ugweno hakuhitaji kanisa ili asome, na mzazi aliyetaka mwanawe awe karani au daktari hakuwa na sababu ya kidunia ya kumpeleka kipaimara. Kama pingamizi la ngazi lingekuwa kweli yote, huu ndio wakati ambao makanisa ya milimani yangebaki tupu. Mwaka 1975 Dayosisi ya Pare ilianzishwa, makao yake yakiwa Same. Mmoja wa maaskofu wake alikuwa Eliewaha Mshana, mwanateolojia aliyeandika kuhusu utaifa wa Kiafrika na changamoto yake kwa Kanisa, naye alibeba jina la ukoo wa wahunzi waliopoteza kiti karne nyingi kabla. Mwaka 2016 upande wa Mwanga ukawa dayosisi inayojitegemea. Hayo si matendo ya watu waliokuwa kanisani kwa ajili ya shule tu.

Limebaki pingamizi la tatu, na hili sina haja ya kulishinda, maana nakubaliana nalo. Kanisa nalo lina viti. Kuna uaskofu, ukuu wa jimbo, uenyekiti wa kamati, ufunguo wa sanduku la sadaka, na ukoo unaotaka mtu wake asimame madhabahuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru, jirani zetu, waligawanyika juu ya dayosisi na uongozi wake hadi ndugu wakaumizana. Mengo haiko mbali hivyo. Siku hizi wanasiasa wanajua njia ya kwenda madhabahuni kuliko wainjilisti wengine. Wakati wa harambee hupewa kipaza sauti, kiti cha mbele, na makofi ambayo msomaji wa Neno hakuwahi kupata. Kwa maoni yangu hili ni kosa, na ni kosa la zamani: kuufanya tena mlango mmoja ule ambao Mranga aliujenga, ambao Injili ilikuja kuutenganisha. Mchango wa bati mia moja ukimnunulia mtu heshima ambayo ni haki ya Mungu, basi masharti ya mlimani yamekubaliwa, na kwa bei ya chini.

Hata namna tunavyoandika historia inalisaidia kosa hilo. Orodha ya watawala wa Ugweno imehifadhiwa tangu Angovi na Mranga, kizazi kwa kizazi, na msomi anaweza kuisoma maktabani Dar es Salaam. Majina ya wamisionari wa Leipzig yamo katika ripoti za Ujerumani. Lakini walimu wa kanisa walioongoza sala Ugweno mwaka 1920, bila mshahara, bila mlinzi na bila matumaini ya cheo, hawamo katika vitabu wanavyosoma watoto wetu. Majina yao yamo katika rejista za zamani za ubatizo, katika daftari za wazee, na katika kumbukumbu za wajukuu wao, ambao sasa ni wazee sana. Wachungaji na wazee wa kanisa wa Msangeni, Shigatini, Kifula na sharika nyingine za milimani, zifungueni rejista hizo mwaka huu. Nakilini majina, waulizeni wajukuu, chapisheni mtakachokipata, kwa sababu karatasi za 1920 zinaliwa na mchwa na wanaozikumbuka wanazikwa.